Roboti wa Baharini na Takataka za Terrat

Terrat si nchi ya mikarafuu. Ni kata ya upande wa kusini wa Jiji la Arusha, chini ya Mlima Meru, nchi ya ng'ombe na vumbi, na wengi wetu hatujapata kufika huko. Hata hivyo yatupasa kuijua. Masika yanapoanza Arusha, chupa na mifuko iliyotupwa makorongoni huchukuliwa na maji kuelekea kusini. Mto Themi huingia Kikuletwa, Kikuletwa hujaza bwawa la Nyumba ya Mungu, na kutoka hapo Mto Pangani huteremka mpaka baharini, ng'ambo ya Pemba. Mabwawa ya njiani huzuia takataka nyingi, lakini plastiki iliyopigwa na jua huvunjika vipande vidogo, navyo hupita na maji.

Wanachama kadhaa wameuliza kama haifai kununuliwa roboti, yaani mtambo unaojiendesha wenyewe, wa kusafisha bahari yetu. Khabari zake ni hizi.

Huko Rotterdam, Uholanzi, wameunda chombo kidogo kiitwacho WasteShark, kwa mfano wa papa potwe, yule tumjuaye kule Mafia. Huogelea kinywa wazi kikimeza taka za juu ya maji. Ni kizuri kwa bandari iliyotulia, si kwa mawimbi ya kusi. Waholanzi wengine, wa The Ocean Cleanup, mnamo Septemba 2018 walipeleka katika Bahari ya Pasifiki boya refu la meta 600, lisilo na injini, likusanye plastiki. Kabla ya mwaka kwisha kipande cha meta 18 kilikatika, nalo likavutwa mpaka Hawaii.

Hapo walijifunza jambo ambalo mchumaji karafuu yeyote angeweza kuwaambia. Makonyo huchambuliwa siku ile ile ya kuchuma. Ukiyaacha yakauke pamoja na karafuu, utakesha. Mwaka 2019 wakaonyesha mtambo wa mitoni, Interceptor, unaotumia umeme wa jua. Hutiwa nanga mtoni, boya huelekeza taka kwenye mkanda, mkanda huzipandisha mpaka kwenye mapipa makubwa sita, na yakijaa mtambo wenyewe hupeleka khabari kwa wenyewe. Ilianza kazi Jakarta na katika Mto Klang, Malaysia.

Je, ungefaa Terrat? Kwa maoni yetu, la. Mtambo huo huelea, na korongo kwa miezi mingi ya mwaka halina hata maji ya kumnywesha mbuzi. Yakija, huja kwa kishindo. Huko Guatemala, katika Mto Las Vacas, watu hao hao walijenga ua wa chuma mwaka 2022, na mafuriko yakauchimbua misingi. Mwaka uliofuata wakatumia maboya yaliyofungwa vizuri kwenye kingo, ndipo taka zikashikika. Kwa korongo la Terrat dawa ni kuzoa taka kabla ya masika, kazi ya gari, mapipa na mishahara ya wazoaji. Wafugaji wa huko wanalihitaji jambo hilo kuliko sisi, maana ng'ombe akimeza mfuko haponi kwa urahisi.

Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, na Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Chupa hazimo katika marufuku hayo, na ndizo tunazoziona zimelala ufukweni.

Tusisahau ya kwetu pia. Wako wanaoanika karafuu juu ya plastiki badala ya jamvi. Plastiki ikichakaa humeguka, vipande vikaingia katika karafuu na vingine vikachukuliwa na mvua mpaka bondeni, na kutoka bondeni mpaka pwani ni mwendo mfupi sana kuliko kutoka Terrat. Mwenye plastiki iliyokwisha kuchakaa asiitupe kisimani wala bondeni. Aikunje aiweke kavu, ipelekwe pamoja na taka za mji.