Vipepeo Wageni Katika Bustani za Nairobi

Kila mwaka mvua za vuli zinapokaribia, na tena wakati wa masika, mkazi wa Nairobi aweza kuona vipepeo wa rangi ya chungwa wakipita polepole katikati ya mji. Hutua juu ya maua katika Bustani ya Uhuru, na upande wa magharibi hupumzika kwenye nyua za Kawangware, Dagoretti na Karen. Watu wengi huwapita bila kuwatazama. Wengine huwadhania kuwa adui wa mboga, wakawanyunyizia dawa. Kwa hiyo yafaa tueleze ni vipepeo gani hawa, na kwa nini wenzao walioko Nairobi huwahitaji.

Kipepeo huyu wataalamu humwita Danaus chrysippus. Ni jamaa wa kipepeo mashuhuri wa Marekani, aitwaye Mfalme, ambaye baridi ikikaribia huruka mwendo wa kilomita elfu kadhaa mpaka milima ya Meksiko, akakaa huko kwa mamilioni juu ya miti. Huyu wetu hana baridi kali ya kumfukuza. Yeye hufuata mvua, maana mvua ndiyo ichipushayo majani wanayokula watoto wake.

Majani hayo si sukuma wiki wala kabichi. Ni ya mimea ya mwituni yenye utomvu mweupe kama maziwa. Mmoja wa mimea hiyo una matunda yaliyovimba kama mapovu, ambayo yakipasuka hutoa mbegu zenye nyuzi laini kama pamba. Utomvu ule una sumu, lakini kiwavi huula bila kudhurika, akaiweka sumu mwilini mwake. Ndiyo sababu ndege akimwonja mara moja hamtaki tena. Na ndiyo sababu kipepeo huyu huruka bila haraka: rangi yake ni onyo.

Vipepeo hawa wana sura mbalimbali. Mmoja ana ncha nyeusi za mabawa ya mbele, zenye baka jeupe, naye ameenea sana kusini mwa Afrika. Mwingine hana weusi huo katika ncha, naye ni wa nchi kavu za kaskazini na mashariki. Nairobi iko mahali wanapokutana, nao hupandana hapa, wakazaa chotara.

Sasa twafika kwenye jambo la ajabu. Katika miaka ya 1960 Denis Owen, mtaalamu aliyefanya kazi Makerere, Uganda, aliona kwamba baadhi ya majike huzaa majike tu. Mwaka 2000 wataalamu walitangaza sababu yake: ni bakteria aitwaye Spiroplasma, akaaye ndani ya mwili wa mama na kurithiwa kwa njia ya yai. Yai la jike huanguliwa salama, bali yai la dume hufa kabla ya kuanguliwa. Kisha viwavi majike hula mayai ya ndugu zao yaliyokufa, wakapata nguvu za kuanzia maisha.

Uchunguzi uliofanywa Nairobi umeonyesha kwamba majike wengi wa hapa wanaye bakteria huyo. Basi msomaji atauliza: ikiwa mama hawazai madume, mabinti zao watampata wapi mume? Wataalamu waliochunguza jambo hili wanaona kwamba madume wengi hutoka nje, wakisafiri pamoja na pepo za mvua. Wasipofika, mayai ya majike hayatakuwa na uhai, na ukoo utakwisha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa vipepeo wa Nairobi, maneno hayo ni kweli kabisa.

Lakini msafiri hupita pale tu penye chakula. Mji unapopanuka na kila kiwanja kikafunikwa kwa saruji au kufyekwa kabisa, maua ya kunywa asali na majani ya kutagia mayai hupungua njiani.

Kwa hiyo mwenye ua aweza kusaidia bila gharama. Aache mimea michache ya utomvu mweupe kwenye pembe ya uwanja, mbali na malisho ya mbuzi na ng'ombe, kwa kuwa huwadhuru wanyama. Watoto waonywe wasiupeleke utomvu huo machoni, na kila augusaye anawe mikono. Akimwona kiwavi mwenye mistari myeusi, myeupe na ya manjano, aliye na jozi tatu za nyuzi nyeusi mgongoni, asimnyunyizie dawa. Kiwavi huyo hataigusa mboga yake, na baada ya majuma machache atakuwa kipepeo.

Walimu nao wanaweza kuwafundisha wanafunzi kuwahesabu vipepeo hawa wakati wa mvua, wenye ncha nyeusi na wasio nazo. Hesabu hiyo yahitaji daftari, kalamu na macho mazuri tu.