Talaka ya mdomoni na talaka ya mahakamani: Mwislamu azipitie vipi zote mbili?

Ndoa hufungwa kwa maneno machache mbele ya walii na mashahidi wawili, na ikibidi huvunjwa kwa maneno machache zaidi. Pengine ni kwa sababu hiyo wengi wetu tumezoea kudhani kuwa mume akishatamka talaka, au akishaiandika katika karatasi na kumkabidhi mkewe, mambo yote yamekwisha: mke ahesabu eda yake, arudi kwao, na kila mmoja ashike njia yake. Kwa upande wa sharia, maneno yale yana uzito wake na hayachezewi. Kwa upande wa sheria ya nchi, hapa Tanzania Bara, mke yule bado ni mke mpaka mahakama itamke vinginevyo.

Tofauti hiyo huumiza familia nyingi. Tuchukue mfano wa mama aliyeishi na mumewe miaka kumi na minane, akazaa naye watoto wanne, kisha akapewa karatasi ya talaka. Anakwenda Mahakama ya Mwanzo kudai sehemu yake katika nyumba waliyoijenga pamoja. Anaulizwa hati ya Baraza, hana. Anaambiwa aanzie huko kwanza. Akikata tamaa, nyumba huweza kuuzwa yeye akitazama. Akipata mchumba, sheria haimtambui kuwa ameachika, na sheria hiyo hiyo hairuhusu mwanamke aliye ndani ya ndoa kufunga nyingine. Na mume yule akifariki, warithi watabishana kama mama huyu ni mjane au si mjane. Yote haya humpata kwa sababu hakuelezwa njia ya kupita.

Sheria inasemaje juu ya talaka yetu

Ndoa na talaka za watu wote wa Tanzania Bara, Waislamu na wasio Waislamu, zinasimamiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Ndugu zetu wa Zanzibar wanazo mahakama za kadhi zilizowekwa kwa sheria, na wa Kenya wanazo kwa mujibu wa ibara ya 170 ya Katiba yao ya mwaka 2010. Huku Bara mahakama hizo zilikoma baada ya uhuru. Kadhi aliye chini ya taasisi zetu za dini huelekeza, husuluhisha na kutoa fatwa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini uamuzi wake hauna dola ya kuutekeleza.

Hata hivyo sheria hiyo haikuipuuza talaka ya Kiislamu. Kifungu cha 107(3) kinataja mambo matatu. Kwanza, wanandoa wawe wamefunga ndoa ya Kiislamu. Pili, Baraza la Usuluhishi wa Ndoa liwe limethibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha. Tatu, baada ya uthibitisho huo, mmoja wao awe amefanya tendo ambalo kwa sharia ya Kiislamu huvunja ndoa. Yakithibitika yote matatu, mahakama itaona kuwa ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na itatoa amri ya talaka.

Msomaji aliangalie vyema neno "baada". Wengi wetu hufanya kinyume: talaka hutamkwa usiku wa hasira, na Baraza hutafutwa miezi kadhaa baadaye, pale tu mmoja anapohitaji karatasi ya kupeleka mahakamani. Kwa mpangilio huo, talaka ile haitoshi kukidhi kifungu hicho, na mdai atalazimika kuthibitisha kwa ushahidi mwingine kwamba ndoa imevunjika: ukatili, kutelekezwa, uzinifu na mfano wa hayo.

Baraza si mhuri tu

Tukitazama kwa utulivu, mpangilio huu wa sheria haupo mbali na mafundisho yetu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 35, Allah (s.w.) anatuelekeza kuwa pakihofiwa mfarakano ateuliwe mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwamuzi kutoka kwa jamaa za mke, wakitaka suluhu, Yeye atawawezesha. Na katika Suratut-Talaq tunakatazwa kuwatoa wake majumbani mwao wakiwa ndani ya eda, na tunaamrishwa kushuhudisha watu waadilifu wawili. Suluhu kwanza, haraka isiwepo, na mashahidi wawepo: hayo tuliyajua kabla ya mwaka 1971.

Sheria inataka kila kata iwe na Baraza, na inamruhusu Waziri kuitambua kamati ya jumuiya fulani kuwa Baraza la jumuiya hiyo. Ndiyo maana yapo Mabaraza ya Waislamu. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Huwaita wanandoa wote wawili, huwasikiliza, na likishindwa kuwapatanisha hutoa hati yenye maelezo ya yale liliyoyabaini.

Hapa tunawaomba wasomaji wetu wawe makini. Barua ya imamu wa msikiti, hata kama imamu huyo ni mtu wa heshima kubwa, si hati ya Baraza ikiwa kamati yake haikutambuliwa kisheria. Hati ya Baraza nayo haitumiki milele: madai ya talaka yafunguliwe ndani ya miezi sita tangu ilipotolewa. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta mwenendo wa mashauri kwa sababu ya kukosekana hati iliyo sahihi. Fikiria uchungu wa mtu aliyeshinda katika mahakama mbili, kisha akaambiwa aanze upya kwa sababu ya karatasi.

Zipo hali ambazo sheria haimlazimishi mtu kupita Barazani, kwa mfano mwenzake amemtelekeza na hajulikani alipo, au anaishi nje ya nchi na hatarajiwi kurejea hivi karibuni. Na ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili huhitaji kwanza ruhusa ya mahakama ndipo madai ya talaka yafunguliwe.

Je, aliyekwisha kuachwa kwa mdomo aende Barazani kufanya nini? Ikiwa talaka ni rejea na eda haijaisha, huenda ndiyo nafasi bora ya suluhu. Ikiwa eda imekwisha, au talaka ni ya tatu, kwenda Barazani hakumaanishi kurudishwa katika kitanda ambacho sharia imekiharamisha. Awaeleze wajumbe hali ilivyo, nao wataandika kuwa upatanisho umeshindikana.

Mke anapotaka kutoka

Kuna wanaodhani kuwa mwanamke wa Kiislamu hana mlango wa kutokea. Mke wa Thabit bin Qays alimwendea Mtume (s.a.w.) na kusema kuwa hawezi kuendelea na ndoa yake, akarudisha shamba alilopewa mahari, na akaachwa. Hiyo ndiyo khului. Sheria ya Ndoa nayo humpa mume na mke haki sawa ya kufungua madai, na kifungu cha 107(3) kinasema "mmoja wao", hakikusema mume peke yake. Mke anayepigwa au asiyepewa matumizi hana haja ya kusubiri karatasi ya mumewe miaka na miaka.

Siku ya kwenda mahakamani

Madai ya talaka yaweza kufunguliwa katika Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Wengi huanzia Mahakama ya Mwanzo, ambako shauri huendeshwa kwa Kiswahili na gharama zake ni nafuu. Kwa wakazi wa Dar es Salaam, tangu mwaka 2021 kipo kituo jumuishi cha Temeke kinachoshughulikia mirathi, ndoa na mambo ya familia.

Mdai abebe hati ya Baraza, cheti cha ndoa, karatasi ya talaka au ya khului kama ipo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na nyaraka za mali: hati ya kiwanja, mikataba ya mauziano, risiti za vifaa vya ujenzi. Aliyepoteza cheti cha ndoa awatafute mapema walii, mashahidi au shekhe aliyeozesha. Asiye na uwezo wa kuweka wakili asikae nyumbani kwa unyonge: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watoa msaada wa kisheria na wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa, ambao huwahudumia wasio na uwezo.

Ayataje yote anayoyaomba: talaka, mgawanyo wa mali, malezi ya watoto na matunzo yao, na matunzo yake ya kipindi cha eda, ambayo sheria inayatambua kwa waliofunga ndoa ya Kiislamu.

Katika mali, kifungu cha 114 kinaitaka mahakama iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu akiwa Francis Nyalali, iliamua katika shauri la wanandoa Waislamu kuwa kazi za nyumbani na malezi nazo ni mchango. Mama asiyewahi kupokea mshahara asiseme "mimi sina changu", aeleze alichokifanya.

Katika watoto, kinachotangulia ni maslahi yao. Sheria huchukulia kuwa aliye chini ya miaka saba ni bora akae na mamaye, isipokuwa pathibitike sababu ya kinyume. Wanaofuata madhehebu ya Imamu Shafii wataona kuwa umri huo haupishani na ule wa kupambanua mambo, ambao mama huwa na haki ya kumlea mtoto mpaka aufikie. Na popote mtoto atakapokaa, matumizi yake hayamtoki baba shingoni.

Amri ikishatolewa, ichukuliwe nakala yake na talaka isajiliwe, ili kesho asije mtu akauliza: mlivunja lini?

Nasaha kwa waume, maimamu na wazazi

Kwa waume: Suratul-Baqara, aya ya 229, inatufundisha kukaa kwa wema au kuachana kwa hisani. Hapana hisani katika kumwacha mtu kwa karatasi, kisha ukamtazama akihangaika kutoka ofisi hadi ofisi. Mpeleke mwenyewe Barazani. Na mahari iliyobaki ni deni, ilipe.

Kwa maimamu na masheikh: anapokujieni mtu kuomba aandikiwe talaka, mwelekezeni kwanza kwenye Baraza linalotambuliwa. Kwa wazazi: binti anayerudi nyumbani na karatasi mkononi asipokewe kwa lawama tu. Mwulizeni kama anayo hati, na mfuatane naye kuitafuta.

Tunamwomba Allah (s.w.) azitie upendo na huruma nyumba zetu, na pale panapolazimu kuachana, atuwezeshe kuachana bila ya kudhulumiana. Wabillahi Tawfiiq.