Injini ikikosa moto safarini, tafuta silinda kabla ya kununua vipuri

DEREVA anayetoka Mombasa kuelekea Nairobi huanza safari kwenye usawa wa bahari na kupanda hadi zaidi ya mita 1,600, katika mwendo wa takriban kilomita 480. Afikapo Kibwezi, Kaunti ya Makueni, injini huwa imefanya kazi kwa saa kadhaa kwenye joto kali, na miinuko bado ingali mbele yake.

Si ajabu, basi, kwamba kasoro iliyojificha mjini hujitokeza hapa. Gari huanza kutetemeka, nguvu hupungua na mlio wa bomba la moshi hukatikakatika. Mafundi husema gari "linamisi", yaani silinda moja au zaidi haichomi mafuta inavyopasa.

Injini ya silinda nne ikipoteza moja, hupoteza takriban robo ya nguvu zake. Kwa dereva aliyekwisha kuanza kulipita lori refu, ilhali gari jingine linamjia, upungufu huo waweza kugharimu maisha. Ndiyo maana mwenye gari linalomisi hapaswi kujaribu kulipita jingine, bali aegeshe mahali salama.

Aghalabu msafiri aliyekwama hushauriwa kununua plagi mpya, kisha koili, kisha pampu ya mafuta. Pesa humwishia, na gari lingali linatetemeka. Kosa ni kununua kabla ya kujua silinda iliyozimika.

Ili silinda ifanye kazi, yahitaji mambo matatu: mchanganyiko sahihi wa hewa na petroli, cheche ya umeme kwa wakati ufaao, na mgandamizo wa kutosha. Moja likikosekana, moto hauwaki. Kazi ya fundi ni kubainisha lililokosekana.

Katika magari mengi ya kisasa, njia ya mkato ni kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Namba P0301 humaanisha kwamba silinda ya kwanza inamisi, P0302 ya pili, na kuendelea. P0300 humaanisha kasoro inatokea ovyo katika silinda mbalimbali. Hata hivyo, namba hiyo hutaja silinda tu. Haisemi ni kipuri gani kibovu.

Pasipo kifaa, fundi anaweza kuzima injini, akachomoa soketi ya umeme ya nozeli moja, kisha akaiwasha kwa muda mfupi. Mtetemeko ukizidi, silinda hiyo ilikuwa nzima. Usipobadilika, hiyo ndiyo yenye ila. Katika magari ya zamani, nyaya nene za plagi zisishikwe kwa mkono injini ikinguruma, kwani umeme wake ni mkali mno.

Hatua ya pili haihitaji kununua chochote. Iwapo kila silinda ina koili yake, injini izimwe na koili ya silinda mbovu ibadilishane nafasi na ya silinda nzima. Kasoro ikihama nayo, koili ndiyo mbovu. Isipohama, zibadilishwe plagi vivyo hivyo, ila injini ipoe kwanza, la sivyo nyuzi za kichwa cha injini zaweza kuharibika.

Plagi yenyewe hutoa ushahidi. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu huashiria uchomaji mwema. Masizi makavu meusi huonyesha petroli imezidi hewa, au cheche ni dhaifu. Weupe uliopindukia ni dalili ya joto jingi au upungufu wa petroli. Ikilowa mafuta ya injini, huenda ringi za pistoni au sili za valvu zimechakaa.

Iwapo koili na plagi hazina hatia, zichunguzwe nyaya zake, nozeli, na mipira ya hewa ambayo hupasuka kwa joto na kuvuta hewa isiyopimwa. Anayesafiri katika barabara za vumbi za vijijini akague pia chujio la hewa.

Petroli nayo isisahaulike. Gari likianza kumisi punde baada ya kujazwa, hasa kwa mafuta ya mtungi kando ya barabara, huenda yana maji au yamechanganywa na mafuta taa. Uchanganyaji huo ulikithiri kiasi kwamba mnamo 2018 serikali ya Kenya ilianzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuukomesha.

Kasoro nzito zaidi ni ya mgandamizo. Gari lililochemka, likapoteza maji ya rejeta na kutoa moshi mweupe mzito, huenda limeunguza gasketi ya kichwa cha injini. Hapo plagi mpya hazitafaa kitu. Gari livutwe, na kifuniko cha rejeta kisifunguliwe kabla ya kupoa.

Vilevile, taa ya injini ikimetameta kwenye dashibodi, ni onyo kwamba petroli isiyochomeka inaingia katika kisafisha moshi na kukipasha joto kupita kiasi. Kifaa hicho ni ghali, nacho kikiwa moto hivyo chaweza kuwasha majani makavu. Katika nyanda kame za Kibwezi wakati wa kiangazi, gari la aina hiyo lisiegeshwe nyasini.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja ya vipuri, dereva na amuulize fundi maswali mawili: ni silinda ipi isiyochoma, na umejuaje? Asiyeweza kuyajibu bado anabahatisha, na gharama ya kubahatisha itakuwa ya mwenye gari.