Mizani ya Njiani na Dhima ya Mwenye Shehena

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, akishaipita Mlandizi na kabla hajaifikia Chalinze, hukuta pale Vigwaza malori yakijitenga na magari mengine na kuingia upande mmoja kwa mwendo wa pole, moja nyuma ya jingine, kama watu waingiao mahakamani. Yapo yanayopimwa yakiwa katika mwendo, kwa vipimo vilivyofukiwa chini ya njia yao, yakaachiwa yaende zake. Na yale yanayoshukiwa huelekezwa kwenye mizani ya kusimama, ambako ekseli hukalishwa juu ya bamba la chuma, dereva akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili, na utingo ameshuka chini, macho kwenye tarakimu, maana zikizidi ndiye atakayepanda juu kuhamisha magunia.

Kiwango chenyewe hakina siri. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza 2019, inairuhusu ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja yenye matairi manne tani 10, ekseli mbili zilizofuatana tani 18, na tatu tani 24. Na gari zima, hata liwe na ekseli saba, lisivuke tani 56. Kwa hisabu hiyo lori la ekseli sita tulilolizoea, yaani kichwa na tela lake, hukomea tani 50, chuma na shehena pamoja.

Wafanyabiashara wengi huuliza, na swali lao ni la haki, kwa nini serikali ihangaikie tani moja au mbili katika hamsini. Jawabu lilipatikana mbali na kwetu, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani, ambako wahandisi walijenga vipande vya barabara za kila namna, na kati ya 1958 na 1960 wakayapitisha juu yake malori yaliyoendeshwa na askari, mchana na usiku, hata lami ikapasuka, na kila ufa ukaandikwa daftarini. Ilidhihirika kwamba madhara hayakui sambamba na uzito, bali hukua kwa kadiri ya kipeo cha nne cha uzito huo: ekseli ya tani 10 ikibebeshwa 12, haiiumizi barabara kwa sehemu moja ya tano zaidi, bali huiumiza maradufu; na ekseli hiyo ya tani 10 ikilinganishwa na ile ya nusu tani ya gari dogo la nyumbani, pito lake moja ni sawa na mapito 160,000. Kanuni hii si ya kupimia dhahabu, kwani udongo, mvua na unene wa tabaka za chini nazo zina neno lao. Lakini yeyote aliyeona njia kuu ilivyofanya mabonde mawili marefu mahali yanapopita matairi ya malori, maji yakituama humo masika yote, hatakuwa na haja ya kuhojiana nayo.

Ndiyo maana ule mzozo wa Oktoba 2013 ulikuwa na uzito kuliko wengi walivyodhani. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alifuta msamaha wa tozo kwa magari yaliyozidisha uzito kwa kiasi kisichopita asilimia 5. Wasafirishaji wakasimamisha malori, shehena ikakwama, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akaagiza utaratibu wa awali urudi. Asilimia 5 hutamkika kama kitu kidogo, ilhali kwa kanuni ya Illinois ni zaidi ya asilimia 21 ya madhara. Hata hivyo sisemi kuwa wasafirishaji walikuwa wakaidi tu. Shehena hutikisika na kusogea njiani, mchanga hunywa mvua, mafuta husukasuka ndani ya tangi, na mizani mbili zilizo mbali huweza kutofautiana. Mtu aliyepimwa akapita mahali pamoja, akazuiliwa mahali pengine bila kuongeza hata mfuko mmoja, ana haki ya kunung'unika.

Na kusubiri nako ni gharama. Kule Kenya, mji wa Mlolongo ulipata jina lake kwa safu za malori yaliyongoja mizani, na kila saa ya safu hiyo huingia katika bei ya unga na saruji huko Kampala na Kigali.

Lakini ninaloona halijatazamwa sawasawa ni hili la dhima. Uzito haupatikani njiani. Hupatikana ghalani, kwa mwenye mali anayelipa nauli kwa safari na kwa hiyo hutamani tani zaidi katika safari moja, na kwa mwenye gari anayeogopa kwamba akikataa, jirani yake atakubali. Dereva huja mwisho. Hukabidhiwa funguo, hati na kontena lililokwisha kupigwa lakiri ya forodha, asiloruhusiwa kulifungua wala kulipanga upya, na akifika mizani ikadhihirika kwamba jumla ni halali lakini mzigo wote umeegemea nyuma, yeye ndiye anayelala chini ya tela siku mbili akipiga simu zisizopokelewa. Tangu 1 Julai 2016 kanuni za kimataifa za usalama wa bahari hazikubali kontena lipakiwe melini bila uzito wake kuthibitishwa. Basi kontena linaloshuka bandarini huja na uzito wake ulioandikwa, ingawa maandishi hayo hayasemi mzigo umeegemea upande gani.

Kadhalika viwanda vya saruji, na machimbo mengi ya kokoto, vina mizani zao langoni, kwa kuwa huuza kwa tani na hawakubali kupunjwa hata ratili. Lori linalokutwa limezidi uzito kilomita hamsini mbele lilikuwa limezidi pale pale, mbele ya karani aliyesoma tarakimu ile ile, akaiandikia ankara, akapokea fedha, kisha akainua kizuizi. Nakala ya ankara hiyo ipelekwe kwa wakala wa barabara kabla gari halijatoka langoni, na tozo ya ziada iandikwe kwa jina la aliyepakia.