Pantalo haina chama

Mu kikao kimoja cha wakulima huku bonde la Ruzizi, dada mmoja agronomu aliuliza: kwa nini wamama ndio wanapalilia mpunga, lakini makaratasi ya shamba yako na jina la baba peke yake? Mzee mmoja akajibu: "Huyu amevaa pantalo, hayo ni mambo ya ONG." Watu wakacheka. Swali likafia pale pale.

Wengi wanasema ni desturi yetu. Sijui desturi gani. Mu miaka ya 1970, Mobutu alikataza wanawake wavae pantalo: eti ni akili ya kizungu, mwanamke wa kweli avae kikwembe. (Wanaume walipewa abacost, inayofanana na koti la Mao, na hakuna aliyewaita Wachina.) Ng'ambo ya ziwa, vijana wa TANU walikuwa wameshaanza tangu Januari 1969 kupiga vita sketi fupi na nywele za bandia.

Kisha ikakuja AFDL, iliyozaliwa Lemera, hapa kwetu mu teritwari ya Uvira, Oktoba 1996. Ilipoingia Kinshasa Mei 1997, askari wake wengine walipiga wanawake barabarani juu ya pantalo na sketi fupi: sasa ikawa alama ya uozo wa Mobutu! Nguo ni ile ile. Jana ilikuwa kumpinga Mobutu, leo ni kuwa mtu wake. Na mwenye kuivaa, nani alimuuliza anafikiri nini?

Mimi pia nilikosea, kwa upande mwingine. Mwaka jana, mu uchunguzi wa mashamba, nilimuona mama mmoja mwenye kikwembe na kitambaa cha kichwa, nikaruka swali la umiliki. Nilijiambia huyu atasema "bwana ndiye anajua". Akaniita: "Mwanangu, mbona lile swali hukuniuliza?" Alikuwa anajua kama Sheria ya familia ya 1987 ilimutaka mke apate ruhusa ya bwana kwa matendo mengi ya kisheria, na kama ile ya Julai 2016 iliondoa hiyo ruhusa, ikaweka makubaliano ya wote wawili. Alitaka kujua makubaliano hayo yanaandikwa wapi wakati wa kununua shamba. Mimi, na lisansi yangu, nilibaki kimya.

Kikao kingine kitakuwa Sange. Yule dada atakuja na pantalo na buti zake, juu mu matope ya mpunga kikwembe kinashika miguu. Ratiba naiandika mimi. Swali lake nimeliweka la kwanza, na yule mama nimemualika.