Kijana, Hiyo Si "UTI Sugu"

"Daktari, UTI sugu dawa yake nini?" Vijana wa Mbwera na wa madago ya wavuvi humu delta ya Rufiji wananiuliza swali hilo hadi nimechoka. Anayeuliza ana miaka ishirini na ushei, mkojo unamchoma, usaha unamtoka, na tayari amemaliza vidonge vya rangi mbili na azuma (azithromaisini) za dukani.

Mwanamume kijana hapati UTI kirahisi. Njia yake ya mkojo ni ndefu, na bakteria hutaabika kuipanda hadi kwenye kibofu. Akitokwa usaha, mimi naanza na kisonono na klamidia. Choo mnachokisingizia hakina hatia, maana kijidudu cha kisonono hufa upesi kikikauka. Kile kijiti cha kupimia mkojo nacho huonyesha chembe nyeupe tu, hakimtaji mdudu. Cheti kikiandikwa UTI, kijana anapumua, mwenzake haambiwi kitu, wanakutana tena, anaambukizwa upya, halafu mnauita ugonjwa sugu! Usugu wa kweli tunautengeneza kwa kubahatisha vidonge: siprofloksasini iliyokuwa ikimaliza kisonono imeshindwa sehemu nyingi duniani. Maji ya kitunguu saumu na ndimu ya "kusafisha mkojo" hayajawahi kukiponya. Usaha ukikauka baada ya kuyanywa, ugonjwa umenyamaza tu.

Kwa wasichana ni hatari zaidi. Wengi wenye klamidia hawasikii maumivu yoyote, na mirija ya uzazi huweza kuziba kimyakimya.

Wala msiniambie delta hakuna maabara kubwa. Huko Mwanza, kati ya 1991 na 1994, zahanati za vijijini ziliboresha tiba ya magonjwa ya zinaa kwa kufuata dalili, na maambukizi mapya ya VVU yakapungua kwa karibu asilimia 40.

Basi njooni kituoni, wote wawili. Kwa usaha, kwa kawaida ni sindano ya seftriaksoni na doksisaiklini ya siku 7; mjamzito aseme mapema, apewe dawa nyingine. Tone la damu kidoleni linapima kaswende na VVU. Kidonda kisichouma sehemu za siri kipimwe hata kama kimepona. Msikutane kimwili hadi wote mmemaliza dawa na dalili zimekwisha. Na mkojo wa damu bila usaha, tuelezeni kama mmelima au kuoga kwenye maji baridi huko juu mtoni, tupime kichocho. Hicho dawa yake ni prazikwanteli.