Neno Dogo Lililonigharimu Malori Mawili



Treni ya chini ya ardhi ya njia ya 5, ambayo wengi wetu huipanda Xiaobei, tangu Desemba 2023 humfikisha abiria hadi Bandari Mpya ya Huangpu bila kubadilisha. Safari hiyo niliifanya siku moja ya mvua kwa moyo mzito, na kisa chake kilikuwa maneno mawili ya Kiingereza. Wakala aliyenikusanyia mzigo aliniandikia: "Your shipment has been put off until Thursday." "Put" nililijua tangu shule ya msingi kuwa ni kuweka. "Off" nikalifasiri kuwa ni nje. Basi nikaamini kwamba katoni zangu za vitasa zimewekwa nje ya ghala hadi Alhamisi, zilowe!

Nikakodi lori, nikauondoa mzigo kwa hasira pasipo kumsikiliza mtu. Kumbe nilikuwa nimeambiwa tu kwamba safari ya mzigo imeahirishwa. Alhamisi ilipofika kontena lilifungwa, meli ikang'oa nanga, nami nikakodi lori la pili kuzirudisha katoni zangu zingojee meli nyingine. Wakala hakukosea hata herufi moja.

Kosa langu lilikuwa kulipasua neno moja vipande viwili. "Put off" ni kitenzi kimoja kilichoandikwa kwa maneno mawili, na maana yake haipatikani kwa kujumlisha. Jambo hili lisitutishe, kwa maana lugha yetu imejaa mfano wake. Sisi hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga hodi na hupiga magoti, wala hapana aliyepigwa. Twatia nanga, twatia sahihi, na msimulizi akizidisha twasema ametia chumvi. Mfanyabiashara hula hasara na shahidi hula kiapo, na wote wawili huenda wakalala na njaa. Mtoto wa Unguja hakufundishwa "piga" kisha "pasi". Aliyasikia pamoja, penye nguo na makaa, akayashika pamoja. "Put" ndiyo "piga" ya Waingereza.

Basi tukiona "put out", tufikirie moto au taa inayozimwa. "Put on" ni kuvaa, na pia ni kupaka dawa ya ngozi. Mama aliyeandikiwa hivyo na daktari asije akaiweka dawa juu ya kabati. "Put away" ni kurudisha vitu mahali pake, nayo watoto wetu huisikia shuleni kila siku. "Put through" ni kumuunganisha mtu kwa simu. "Put in a claim" ni kuwasilisha madai, na mwenye kuletewa mzigo uliovunjika ana haja nayo kuliko zote. "Put up with" ni kuvumilia.

Liko jambo la pili, ambalo huwatoa jasho hata waliosoma. Tukitaja kitu chenyewe, twaweza kusema "put off the meeting" au "put the meeting off". Lakini tukitumia kiwakilishi, lazima kiingie katikati: "put it off". Aliyesema "put off it" amekosea. Mswahili hapa ana bahati, kwani katika "waliuahirisha" ile "u" ya mkutano nayo imo tumboni mwa kitenzi. Hata hivyo kanuni hii haivienei vyote: "put up with it" haikubali kupasuliwa, na vivyo hivyo "look after him", yaani mtunze.

Huangpu ni mahali pa kale pa kuhangaikia lugha hii. Kuanzia 1757 hadi 1842 dola ya Qing iliiwekea karibu biashara yote ya Wazungu ya baharini mlango mmoja, Guangzhou, na merikebu zao zilitia nanga katika maji haya ya Mto wa Lulu, mahali walipopaandika Whampoa. Hapo kilikua Kiingereza cha sokoni kiitwacho pijini. Kitenzi kimoja, "catchee", kilibeba kupata, kuleta na kuchukua, na viambatisho kama "off" na "out" havikuwashughulisha sana wasemaji. Kiliwatosha, kwa sababu muuzaji na mnunuzi walisimama ana kwa ana, kasha la chai likiwa kati yao, na kidole kikamaliza pale ulimi uliposhindwa.

Sisi wengine bado twaishi kwa Kiingereza cha namna hiyo, nacho madukani chafaa. Lakini barua ya wakala haina kidole, wala karatasi ya daktari.

Tangu siku ile nina daftari. Kila kitenzi cha namna hii nikikikuta katika karatasi ya kweli, nakinakili pamoja na sentensi yake nzima, kisha jioni binti yangu wa darasa la nne hunisahihisha. Ukurasa wa kwanza una sentensi ya wakala, na kando yake nimeandika bei ya malori mawili.

Mwezi ujao, inshaallah, tutakitazama kitenzi "get". Binti yangu asema kitamaliza daftari zima.